Jino Lililooshwa

Jino langu la mbele, la juu upande wa kushoto, lilikufa kabla yangu. Nimelibeba likiwa limekufa hivyo hivyo tangu ujana. Nimekula nalo pilau la harusi yangu, nimekatia nyuzi za cherehani, nimecheka nalo hata misibani pasipochekwa. Wajukuu wangu huniuliza, "Bibi, jino hili mbona la kijivu?" Nami huwajibu kwamba huyo ni mwenzangu aliyetangulia. Wao huangua kicheko wakaenda zao kucheza. Mimi hubaki nikilipapasa kwa ulimi, na siku za joto kali, wallahi, husikia harufu ya karafuu maiti ikitoka ndani yake.

Najua mtasema kizee huyu ameanza kupotewa. Haya, semeni. Lakini nisikilizeni kwanza.

Tulikaa Likoni, kwenye shamba la minazi na muhogo lililokuwa la wazee wetu tangu hapo kale, mwendo mfupi kutoka kivukoni. Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, watu wakigombana kila baraza kama Mwambao uwe na Kenya au uwe peke yake. Baba alikuwa karani bandarini. Alivuka feri asubuhi, akarudi jioni na gazeti kwapani. Mama simkumbuki. Alifariki kwa uzazi, yeye na kitoto chake, nami bado natambaa. Aliyenilea ni bibi, mamake mama, na kazi yake mtaani ilikuwa kuosha maiti wa kike.

Msidhani alikuwa mtu wa kununa. Lo! Bibi yangu alikuwa na ulimi wa kukuvunja mbavu. Mimi aliniita mke mwenza, na kila akipita baba na gazeti lake alimwuliza kama habari za dunia zimeiva au bado mbichi. Lakini akibisha mtu mlangoni na kusema, "Fulani hatunaye," uso wake ulitulia papo hapo. Alikishusha kikapu kilichotundikwa nyuma ya mlango, akajitanda leso yake nyeusi, akaenda. Ndani ya kikapu mlikuwa na kata ya kifuu, vitambaa, pamba, na kikopo cha karafuu maiti, ile kafuri nyeupe ya kutia katika josho la mwisho. Harufu ya kikopo hicho ndiyo iliyokuwa harufu ya chumba chetu. Nimelala nayo utoto wangu wote nikidhani kila nyumba inanuka hivyo.

Mambo ya kazi yake hakunificha. Aliniambia maiti huoshwa mara witri, yaani tatu, au tano, au saba, kamwe isiwe shufwa, isiwe mbili wala nne wala sita. Aliniambia chini ya kitanda huchimbwa ufuo, kijishimo cha kuyapokea yale maji, yasije yakakanyagwa na watu. Na aliniambia jambo moja lililonifanya nijifunike gubigubi. Maiti akiinuliwa akakandwa tumbo taratibu, mara nyingine hushusha pumzi. Haaa, hivi. "Hiyo ndiyo ya mwisho," alisema. "Ikitoka hiyo, hana tena anachotaka kwetu. Kabla haijatoka, bado anangoja kitu."

"Anangoja nini, bibi?"

"Kila mtu na chake."

Mama yangu, bibi ndiye aliyemwosha. Waliomtaka akae kando aliwafukuza, hakutaka mkono mwingine umguse mwanawe. Siku moja alikuwa akinisuka, kichwa changu mapajani mwake, akasema kwa mzaha, "Wewe mke mwenza, nakwambia mapema, utaniosha wewe. Mimi wewe sikuoshi." Nikacheka. Akanivuta nywele nikanyamaza. "Nimeshaosha mmoja aliyetoka tumboni mwangu," alisema. "Wa pili siwezi. Sikiliza vizuri. Siwezi." Sauti haikuwa tena ya mzaha, na vidole vyake vilikuwa vimesimama kichwani mwangu.

Sasa jino. Nilikuwa msichana mdogo, meno ya ukubwa yametoka juzijuzi. Kulikuwa na msiba kwa jirani, na bibi alikuwa uani akitwanga majani ya mkunazi ya kuoshea. Mimi nikachuchumaa kando ya kinu nimsaidie kuyarudisha yaliyoruka. Sijui kilichonituma kuinama wakati mchi unashuka. Nilisikia ko! ndani ya kichwa, nikaona kiza, na nilipofumbua macho kinywa kimejaa damu na majani ya maiti. Bibi alikuwa amenikumbatia akipiga kelele kama yeye ndiye aliyeumia. Jino halikung'oka, lilitikisika tu, likatulia, tukashukuru Mungu.

Lakini lilikuwa limekwisha. Miaka ilivyokwenda ndivyo lilivyobadilika rangi, kwanza likawa kama chai ya maziwa, kisha kijivu, kisha likaingia wingu la buluu katikati. Halikuuma. Lilikaa tu pale mbele, baridi. Nilipofika umri wa kutazamwa na watu, nilikuwa nimeshajizoesha kucheka na leso mdomoni. Wasichana wenzangu walinitania kwamba nimeweka kaburi mlangoni. Bibi akisikia hivyo hakuwatukana, na yeye si mtu wa kumwacha mtu bila kumtukana. Aliinuka akaingia ndani. Sikuelewa wakati ule kwamba alikuwa anayakumbuka yale majani.

Ndipo ikaja habari ya daktari wa meno. Alikuwa Mhindi kijana, mzaliwa wa Mombasa, aliyetoka masomoni ng'ambo. Chumba chake kilikuwa kisiwani, lakini kila Jumatano alivuka kuja dispensari moja ya huku kwetu kung'oa meno ya watu. Baba alisikia feri nzima ikimzungumza. Ati huyu, jino lililokufa haling'oi. Hulitoboa kwa nyuma, akalitoa uozo, akaliosha ndani, akalifunga, likakaa na mwenyewe mpaka uzeeni. Nilitaka kucheka kama watu, basi. Sikuwa na haja nyingine duniani.

"Ling'olewe," alisema bibi. "Kitu kimekufa, mwakiwekea nini?"

"Mama, ni jino la mbele la mwari," alisema baba. "Akilitoa atabaki na dirisha."

"Bora dirisha," alijibu. Lakini baba alikuwa ameshaamua, nami nilikuwa nimeshaamua kabla yake.

Jumatano ile tulikwenda mimi na bibi. Daktari alimwamkia bibi shikamoo yake kamili, akamwekea kiti karibu na mlango, akamweleza kwa Kiswahili chetu kile kile cha Mvita. Katika mzizi wa jino, alisema, mna njia nyembamba kama tundu la sindano. Mshipa uliokuwamo umekufa, umeoza humo humo, na usiposafishwa siku moja utatoa usaha. Akanilaza kitini, akanivalisha kinywani kipande cha mpira kilichotobolewa katikati, kikavutwa hadi pembeni kwa chuma. Kinywa changu chote kikafunikwa. Lililobaki nje ni lile jino peke yake, limechomoza tunduni. Nilimwona bibi akinyanyua shingo kulitazama. Kwa miaka yote sikuwahi kulihisi jino lile limetengwa na mimi namna hiyo.

Alikanyaga keekee yake kwa mguu, ikalia, akatoboa. Ikatoka harufu. Astaghfirullahi, sitaisema ilikuwaje, ila bibi alipoisikia alisema pole pole, "Naijua hiyo." Daktari akaingiza kisindano chenye vikwaruzo, akakizungusha, akavuta polepole kiuzi cheusi. Ndio mshipa wenyewe. Alitaka kukitupa. Bibi akaita, "Ngoja! Nipe mimi." Akakipokea kwa pamba, akakifunga kwenye pembe ya leso yake.

Kisha akaanza kuosha. Alikuwa na mabomba mawili ya sindano na vikombe viwili vya gilasi. Katika kimoja kulikuwa na dawa ya klorini, yenye harufu ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe, na hiyo, alisema, huyeyusha kilichooza. Katika cha pili ilikuwa dawa ya povu, ile ya dispensari ya kusafishia masikio na vidonda, na hiyo huusukuma uchafu ukapanda juu. Aliitia ya kwanza, akaifuatishia ya pili. Zilipokutana ndani ya jino, zikachemka. Povu jeupe likafurika juu ya mpira, na mimi nikaisikia sauti yake. Si kwa masikio. Niliisikia ndani ya mfupa wa uso, fyuuu, nyembamba, ndefu, kama mtu anayenong'ona nyuma ya pua yangu. Akafyonza kwa pamba, akarudia. Kila aliporudia, kile kinong'onezi kikarudi.

Mwisho akachovya kipamba kwenye kichupa kidogo cheusi ili akifungie ndani hadi wiki ijayo. Alipozibua kichupa, chumba kizima kikanuka kikapu cha bibi.

Bibi alisimama. "Hiyo ni nini?"

"Dawa tu, bibi. Huua vijidudu. Ina kafuri ndani yake."

"Kafuri," alisema bibi. "Umeosha, sasa watia kafuri."

"Ndiyo, bibi."

"Mwanangu, wajua unafanya nini?"

"Najua, bibi," alisema kwa adabu, akakifunga kipamba ndani kwa saruji yake nyeupe.

Njiani bibi alitangulia mpaka tulipofika penye minazi yetu. Akasimama. "Hebu ndoo hapa," alisema. Akanishika kidevu, akanifungua mdomo, akalitazama jino kwa muda. "Maiti huoshwa, hutiwa karafuu maiti, kisha hufukiwa. Harudishwi kitandani akalala na watu. Kilichokwisha kuoshwa kisipozikwa, humwita mwenyewe. Nililiua mimi, kwa mchi wangu, na majani ya maiti yakaingia kinywani mwako siku ile. Sasa huyu mtoto wa watu amelitimizia kila kitu ila kaburi. Ling'oe, mjukuu wangu. Nakuomba."

Bibi yangu hakuwa mtu wa kuomba. Nikaogopa, lakini nikachukia pia. "Jino ni langu, bibi!"

"Na weye ni wangu," alisema.

Juma lile nyumba ilipoa. Hakunitania, hakuniita mke mwenza. Mdomoni nilikuwa na ladha ya kafuri, katika chai, katika samaki, hata katika maji ya mtungi. Kile kiuzi hakukizika. Kilibaki kwenye pembe ya leso, maana alisema mtu hazikwi nusu. Na alfajiri niliamka nikakuta kiganja chake kiko mbele ya uso wangu, hakinigusi, kimekaa tu hewani. Alikuwa akisikiliza kama napumua. Nilijifanya nimelala. Kiganja hakikuondoka mpaka adhana.

Jumanne jioni akaja na shauri lake. Nilikuwa nafua, akakaa kando yangu kwenye kigoda. "Hutaki ling'oke?"

"Sitaki, bibi."

"Basi kama hatulifukii, angalau lioshwe sawasawa. Kesho nitahesabu mimi." Akanishika mkono wenye povu la sabuni. "Hilo tu. Nikubalie hilo tu." Nikakubali, na nilifurahi, nikamkumbatia nikamlowesha. Nilidhani tumemaliza ugomvi.

Kesho yake daktari alifungua, akasuuza kwanza kwa maji matupu kutoa vipande vya saruji, kisha akaanza dawa zake, klorini, povu, klorini, povu, akamalizia na klorini. Bibi alikuwa amesimama kichwani pangu, na kwa kila bomba alikunja kidole. Daktari akaweka bomba chini.

"Bado," alisema bibi.

"Bado nini, bibi?"

"Umeosha mara sita. Ongeza moja."

Kwa daktari yalikuwa matano, maana yale maji matupu ya mwanzo hakuyatia maanani. Kwa bibi, maji ni maji. Kilichomwagwa juu ya maiti ni josho. Walitazamana juu ya uso wangu, nami siwezi kusema neno na ule mpira kinywani. Kijana wa watu akatabasamu. "Hata mimi nina bibi," alisema. "Haya, la saba hili kwa ajili yako." Bomba lililofuata zamu lilikuwa la povu. Akalitia. Kinong'onezi kikaja, kirefu kuliko siku zote, na kabla hakijanyamaza alishaweka kafuri na saruji yake juu. Bibi akashusha pumzi. Mara ya kwanza juma lile aliniita mke mwenza, tukarudi nyumbani tukicheka.

Ilikuwa baada ya alasiri. Nilikuwa nakuna nazi, nikahisi mdomo wa juu unanikaza, kama umeumwa na nyuki. Sikuujali. Mara shavu nalo likapanda, kisha chini ya jicho, kisha jicho likaanza kuziba. Halikuwa na moto, halikuwa jekundu. Lilijaa tu. Nikaligusa, na chini ya vidole vyangu kitu kikaalika, kri kri kri, kama mtu anakanyaga chumvi ya mawe ndani ya ngozi yangu. Nikapiga ukelele.

Bibi alikuja mbio. Aliweka vidole vyake pale, akabonyeza kidogo, akasikia. Nilimwona anavyobadilika. Ule uso wa kubishiwa mlango ulimshukia, uso wa kwenda kazini, na hapo ndipo nilipoogopa kweli kweli, kwa sababu sikuwahi kuuona akinitazama nao mimi.

"Bibi, nakufa?"

Alikwenda nyuma ya mlango, akakishusha kikapu. Nikafikiri basi, ndiyo saa yangu, anaandaa vitu. Akakikumbatia kikapu kifuani, akatoka nacho mpaka barabarani, na kwa jicho langu moja nilimwona akivuka kwenda kwa mwanamke mmoja, mwosha mwenzake wa ng'ambo ya barabara. Alirudi mikono mitupu. Akaketi kitandani, akanipakata kichwa, na kwa sauti ambayo sikuijua akasema, si kwangu, akiutazama mlango: "Kikapu hakimo tena. Sina cha kuoshea. Mimi huyu simwoshi. Mimi huyu simwoshi."

Baba alirudi jioni akatukuta hivyo. Alitaka kwenda kumtafuta daktari usiku ule ule, bibi akamwambia asubuhi, feri ya kwanza. Sidhani alilala. Kila nilipozinduka kiganja kilikuwa pale pale hewani.

Tulivuka kabla jua halijachomoza. Watu kwenye feri walitupisha, wengine wakageuka. Bibi alinifunika leso yake usoni, akanishika shavu kupitia kwenye leso, na kila feri ilipotikisika zilialika vidoleni mwake zile chembe za chumvi, naye akifumba macho. Pindo la leso ile, penye pembe, lilikuwa na lile fundo la pamba. Nilikuwa naliona likining'inia mbele ya jicho langu zima.

Daktari alipotuona rangi ilimtoka. Alinigusa shavu, akajua mara moja. "Kosa ni langu," alimwambia baba, kisha akamgeukia bibi. "Lile la mwisho lilikuwa la povu. Povu halifungiwi ndani, lazima klorini iwe ya mwisho. Lilikosa pa kutokea likapitia mzizini, hewa yake ikaingia chini ya ngozi. Nilijua. Nilisahau kwa kutaka kukufurahisha." Bibi alisogea karibu. Alisimama kichwani pangu kama jana, lakini vidole havikuhesabu. Vilishika ukingo wa kiti.

Alitoboa saruji taratibu. Keekee ilipopenya, jino langu likashusha pumzi.

Wallahi sizushi. Haaa. Polepole, yenye harufu ya kafuri, ndefu kuliko ambavyo kitundu kile kingeweza kubeba. Daktari mwenyewe alirudisha mkono nyuma. Baba akasema, "Subhanallah." Nami nikahisi uso wangu unalegea, kitu kinatoka, kinatoka, kimekwisha.

Nilimtazama bibi. Yeye peke yake hakushtuka. Ameisikia pumzi ile vyumba vingapi maishani mwake? Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. Akainama mpaka paji lake likagusa langu. "Imetoka," alisema. "Imetoka, mke mwenza. Halina tena linachotaka."

Daktari akaliosha upya, akamalizia na klorini, akaliacha wazi siku kadhaa mpaka uvimbe ukaisha, halafu akaliziba kabisa, na ndilo hili. Alipomaliza alimwuliza bibi kwa adabu, "Imetosha?" Bibi akajibu, "Mwosha wake ni wewe. Mimi nilikuwa mtazamaji." Siku hiyo ya kuzibwa tuliporudi alichimba chini ya mkunazi wetu, kishimo kidogo cha kuingia mkono, akakilaza kile kiuzi ndani ya kipande cha sanda akakielekeza kibla, maana pumzi ilikuwa imeshatoka. Nilisimama kando yake. Jioni alikwenda ng'ambo ya barabara akakichukua kikapu chake.

Nilianza kucheka bila leso. Nikaposwa, nikaolewa hapo hapo Likoni. Bibi aliona kitukuu wake wa kwanza. Kisha katika ule mwaka wa bendera ya Uhuru, watu wakishona nguo mpya na wengine wakifunga mizigo kwa hofu, aliugua siku chache tu, kifua. Siku ya mwisho aliniita. "Abee, bibi." Hakuwa na nguvu ya maneno mengi. Alinyoosha kidole chake akaligusa jino langu, akatabasamu, akalala.

Ufuo ulichimbwa chumbani mwetu. Kikapu kilishushwa na mimi. Mwosha mwenzake wa ng'ambo ya barabara ndiye aliyeongoza, nami nikashika kata. Tulimwinua, tukamkanda tumbo. Kimya. Hakutoa kitu. Yule bibi akanitazama, akasema haidhuru, si wote. Lakini mimi nilijua maana yake. Bado anangoja.

Tukamwosha, maji matupu kwanza ya kumtoa vumbi la ugonjwa, kisha ya mkunazi mara nne, kisha ya kafuri. Yule bibi akaweka kata chini. "Tayari. Matano. Leteni sanda."

"Bado," nilisema.

"Bado nini, mwanangu?"

"Kwa hesabu yake ni sita. Maji ya kwanza yeye huyahesabu. Ongeza moja."

Wanawake walitazamana. Yule bibi akanipa kata. Niliyachota maji mwenyewe, nikayatia kafuri, nikammwagia kuanzia kulia, kichwa hadi miguu, nikiwaza kwamba alinambia mapema na sikumsadiki. Utaniosha wewe. Mimi wewe sikuoshi. Nikamgeuza ubavu nimalizie mgongo, kichwa chake kikaangukia mkononi mwangu, uso wake karibu na wangu, na ikatoka. Haaa. Ilinipiga mdomoni, pale pale kwenye jino, nayo haikuwa baridi.

"Imetoka," niliwaambia. Nikamfuta uso, na tukamvika sanda.